Mcheza Kwao Hutunzwa: Habari za Ngoma za Burundi Ugenini

Wazee walisema: Mcheza kwao hutunzwa. Maana yake kila mtu aijua. Mtu akicheza uani kwao, shangazi huja kumpa fedha, mjomba humvika kitambaa shingoni, na hata akikosea hatua moja watu hucheka pamoja naye, hawamcheki. Lakini methali hii haisemi neno juu ya mtu achezaye mbali. Je, huyo atatunzwa na nani? Naye atarudi nyumbani na kitu gani mkononi?

Swali hili nililetewa na vijana wa kwaya yetu hapa Uvira. Jioni moja, baada ya mazoezi, walikuwa wakibishana. Mmoja wao alikuwa amesikia kwamba viko vikundi vya ngoma vinavyoalikwa Ulaya na kulipiwa safari ya ndege. Akaniuliza: "Mwalimu, na sisi tukialikwa, tuimbe nini? Nyimbo zetu ni ndefu, wageni watachoka. Tuzikate? Na mavazi je, twende na mashati haya, au tutafute ngozi za wanyama?" Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana niliona kwamba kijana yule hajaalikwa bado, naye amekwisha kuanza kujibadilisha kwa ajili ya macho ya watu asiowajua.

Nikawaambia: Nitawajibu kwa habari za jirani zetu. Na habari hizo ndizo ninazowaandikia, wasomaji wapenzi.

Ngoma iliyokuwa ufalme

Jirani hao hawako mbali. Mtu akitoka Uvira kwa barabara ya kaskazini, akapita Kavimvira na kuvuka mpaka, hafiki kilometa thelathini naye yuko Bujumbura, mji ulioitwa Usumbura zamani za Wajerumani na Wabelgiji. Usiku hewa ikiwa safi, taa za mji ule huonekana toka pwani yetu.

Kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili. Maana ya kwanza ni ngoma yenyewe. Maana ya pili ni utawala wa Mwami, yaani ufalme. Hapo tunaona kwamba kwa Warundi wa zamani vitu hivi viwili vilikuwa kitu kimoja. Ngoma kuu ya ufalme iliitwa Karyenda. Haikuwa ngoma ya kuchezea. Ilikuwa na walinzi wake na heshima zake, tena ilionyeshwa kwa nadra. Kila mwaka, wakati wa kupanda mtama, ilifanywa sikukuu ya Umuganuro. Mwami alibariki mbegu, ngoma zikalia, na nchi nzima ikajua kwamba sasa ni ruhusa kulima.

Si kila mtu aliyeruhusiwa kuzipiga. Palikuwa na jamaa maalumu katika vilima maalumu, ambao kazi hiyo waliirithi baba kwa mwana. Mahali pamoja panapojulikana sana ni Gishora, karibu na Gitega. Husimuliwa kwamba Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala mpaka mwaka 1908, ndiye aliyepaweka baada ya kumshinda chifu mwasi aitwaye Ntibirangwa. Huko zilitunzwa ngoma mbili zenye heshima: Ruciteme, yaani ile ambayo kwa ajili yake watu hufyeka pori, na Murimirwa, yaani ile ambayo kwa ajili yake watu hulima. Tazameni majina hayo. Ngoma haikuitwa kwa sauti yake wala kwa uzuri wake. Iliitwa kwa kazi ya watu wote.

Ngoma yenyewe huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Juu hufungwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti. Sehemu zake zimepewa majina ya mama: vigingi huitwa matiti, mwili wake huitwa tumbo, na ngozi ina jina la ile ngozi ambayo mama humbebea mtoto mgongoni. Wapigaji huingia uwanjani wamezibeba ngoma vichwani huku wakizipiga. Kisha huzitua chini kwa umbo la nusu duara. Katikati huwekwa ngoma moja, Inkiranya, inayoongoza nyingine zote. Ngoma zinazoitwa Amashakwe hushika mdundo mmoja bila kupumzika, na zile ziitwazo Ibishikiso huifuata Inkiranya. Wapigaji hupokezana katikati, kila mmoja kwa zamu yake akiruka na kucheza, kisha humwachia mwenzake. Hakuna akaaye katikati siku zote.

Ni lazima tuseme pia jambo linalotugusa sisi wenyewe. Wamisionari walipojenga misioni ya Muyaga mwaka 1898, na wengine waliowafuata, wengi wao hawakuzipenda ngoma hizo. Waliona ndani yake ibada ya kipagani. Serikali ya Wabelgiji nayo iliona nguvu za Mwami. Basi miaka ya 1920 ilipokuwa ikielekea mwisho, sikukuu ya Umuganuro ya zamani ilikoma. Ngoma hazikufa, kwa kuwa watu wa vilimani waliendelea kuwafundisha watoto wao. Lakini siku ile kubwa iliyokuwa kwao hasa, siku ya kutunzwa nyumbani, ilikuwa imeondolewa.

Wageni, au vitu vya kutazamwa?

Kabla ya kuzifuata ngoma hizi ugenini, yafaa tukumbuke jinsi watu wa Congo walivyopelekwa huko zamani.

Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili aliagiza Wakongo 267 wapelekwe Tervuren, karibu na mji wa Brussels. Walijengewa vijiji bustanini, nao Wabelgiji wakaja kwa maelfu kuwatazama wakipika, wakipiga makasia na kucheza. Majira yale yalikuwa ya baridi na mvua. Watu saba walikufa, wakazikwa Tervuren, na makaburi yao yako kando ya kanisa mpaka leo. Watu hao walicheza ngoma, lakini hawakuwa mabalozi. Balozi hutumwa na watu wa kwao. Wao walichukuliwa.

Miaka sitini na mmoja ikapita. Tarehe 17 Aprili 1958 Maonyesho Makubwa ya Dunia yalifunguliwa Brussels. Mwaka huohuo ndipo wamisionari Wasaveri walipofika kwetu Uvira. Huko Brussels kilijengwa tena kijiji cha Wakongo, chenye ua, na mafundi wakakaa ndani wakifanya kazi zao mbele ya watu. Watazamaji wengine waliwarushia ndizi kama vile watu wanavyowarushia nyani. Wakongo hao walinung'unika, kisha wakakataa kuendelea, wakarudi kwao kabla maonyesho hayajafungwa. Nao walifanya vema.

Lakini katika mwaka huohuo Wakongo wengine walisikilizwa kwa adabu katika nchi ileile. Hao walikuwa waimbaji wa Kamina, katika Katanga: wavulana wapatao 45 pamoja na walimu wapatao 15. Kiongozi wao alikuwa Padri Guido Haazen, Mfransisko. Tarehe 23 Machi 1958 waliimba kwa mara ya kwanza, katika misioni yao ya Kamina, Misa ambayo leo inajulikana duniani kwa jina la Missa Luba. Maneno yake yalikuwa ya Kilatini, lakini sauti na midundo ilitoka katika nyimbo za kwao: nyimbo za maombolezo, nyimbo za kuagana, nyimbo za ngoma. Baadaye wakasafiri, wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, tena wakaimba pamoja na wavulana mashuhuri wa Vienna.

Kwa nini mmoja alirushiwa ndizi na mwingine akapigiwa makofi? Wote walitoka nchi moja, na watazamaji walikuwa wa nchi moja. Mimi naona tofauti ni hii: mtu wa kijijini mle ndani ya ua aliambiwa tu, "Kaa hapa utazamwe." Mwimbaji wa Kamina alikuwa na neno la kusema, na Misa yake ilikuwa imeimbwa kwanza nyumbani, mbele ya watu waliojua ikiwa imeimbwa sawa au vibaya. Wazungu walikuja pili.

Hata hivyo, hapa pana funzo jingine. Sauti zao zilinaswa katika santuri, na juu ya jalada jina lililoandikwa kuwa la mpangaji wa muziki lilikuwa la Padri. Mwalimu Joachim Ngoi, mwimbaji mkuu wa peke yake, anajulikana na wachache. Wavulana wenyewe hawajulikani karibu na mtu yeyote. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili ulifundisha kwamba muziki wa mataifa katika nchi za misioni upewe heshima unayostahili. Watoto wa Kamina walikuwa wamekwisha kutangulia.

Ngoma zavuka bahari

Sasa turudi kwa jirani zetu. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Bendera ya ufalme iliyopandishwa siku zile ilikuwa na picha mbili katikati: ngoma na mmea wa mtama. Ufalme huo mpya ukaanza kuwatuma wapigaji wake nje. Mwaka 1964 walionekana New York, kule Marekani, katika banda la Afrika la Maonyesho ya Dunia. Watu waliosikia neno Burundi kwa mara ya kwanza walilisikia pamoja na mlio wa ngoma.

Kisha mambo yakageuka. Tarehe 28 Novemba 1966 Michel Micombero aliuondoa ufalme, akatangaza jamhuri. Ngoma ikafutwa katika bendera. Msomaji angeweza kudhani kwamba sasa ngoma zimekwisha, kwa maana ngoma ya Mwami itafanya nini pasipo Mwami? Lakini sivyo ilivyokuwa. Jamhuri iliyoifuta ngoma katika bendera iliendelea kuwatumia wapigaji kuwapokea wageni wakuu, na kuwatuma ng'ambo wawe sura ya nchi. Kitu kilichokuwa cha Mwami kilifanywa kitu cha taifa. Hapo safari za nje zilileta faida kubwa. Vijana wa vilimani waliona kwamba kazi ya baba zao inaheshimiwa duniani, nao wakajifunza kwa bidii. Tusiwe wepesi kusema kwamba ugeni huharibu mila. Mara nyingine mgeni huja na mwenyeji akapona.

Sauti bila majina

Lakini sikilizeni na upande wa pili.

Mwaka 1967 Wafaransa wenye mashini za kunasa sauti walifika Burundi, wakanasa ngoma na nyimbo nyingi. Kwa kazi ile twawashukuru, kwa sababu sauti hizo zimehifadhiwa. Mwaka uliofuata zilitolewa katika santuri na kampuni iitwayo Ocora. Basi mwaka 1971 mwanamuziki mmoja Mfaransa, Michel Bernholc, alichukua sauti ya ngoma hizo, akaongeza juu yake piano, gitaa na vyombo vingine vya Kizungu, akaitoa kwa jina la Burundi Black. Watu wakaicheza katika kumbi za dansi za Ulaya, na Uingereza ikapanda katika orodha ya santuri zinazouzwa sana. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, aliutumia mdundo uleule wa ngoma za Burundi katika wimbo wake mmoja. Kufikia mwaka 1981 vikundi vya vijana wa London vilikuwa vinajipatia sifa kwa kuuiga mdundo huo.

Katika mambo hayo yote wapigaji wenyewe walikuwa wapi? Walikuwa kwao, wakilima. Mwaka 1981 mwandishi wa muziki wa gazeti la New York Times, Robert Palmer, aliandika kwamba faida ya santuri hizo haikuwafikia. Majina yao hayakutajwa. Lilitajwa jina la nchi tu, kana kwamba ngoma zilikuwa zimejipiga zenyewe.

Hapa ndipo penye hatari ambayo vijana wangu hawakuiona. Wao waliogopa kwamba wageni watauchoka wimbo. Kumbe wageni wanaweza kuupenda sana wimbo, hata wakauchukua na kuwaacha wenyewe.

Tena ni afadhali mtu aende mwenyewe kuliko sauti yake iende peke yake. Julai 1982, mahali paitwapo Shepton Mallet nchini Uingereza, lilifanywa tamasha la kwanza la WOMAD, lililoanzishwa na mwimbaji Peter Gabriel na wenzake. Wapigaji wa Burundi walialikwa, wakaenda. Watu waliokuwa wameuzoea mdundo ule katika santuri waliwaona sasa wenye ngoma kwa macho, wakauona uzito wa gogo kichwani na jasho mgongoni. Tangu hapo wamezunguka nchi nyingi, na Novemba 2014 shirika la UNESCO liliandika ngoma hiyo ya kifalme katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Ni nani mwenye ngoma?

Mtu angedhani habari imeishia hapo kwa furaha. Lakini kitu kikipata sifa, watu wengi hutaka kukishika. Tarehe 20 Oktoba 2017 ilitolewa amri ya Rais wa Burundi juu ya ngoma. Vikundi vilitakiwa kujiandikisha na kuomba ruhusa serikalini, na mtu anayetaka kuviita katika sherehe yake alitakiwa kulipa faranga 500,000 za Burundi. Wanawake walikatazwa kuzipiga. Waliruhusiwa kucheza pembeni. Walioiunga mkono walisema kwamba ndiyo mila ya zamani, na kwamba kitu kitakatifu kisichezewe ovyo katika kila arusi. Waliopinga walisema kwamba mtu maskini amenyimwa ngoma ya babu yake. Kila upande una neno lake. Mimi nasema hivi tu: ngoma ambayo sehemu zake zote zimepewa majina ya mama, si rahisi kumweleza binti kwa nini haimhusu.

Tena wako mabalozi wengine wasio na barua ya serikali yoyote. Mwaka 1972, na tena 1993, na tena 2015, Warundi wengi walikimbia nchi yao kwa ajili ya vita na mauaji. Wengi walipita kwetu katika bonde la Ruzizi. Sisi tunawajua, kama wao wanavyotujua sisi tulipokimbilia kwao. Wengine walifika Ubelgiji na Kanada. Huko wametengeneza ngoma mpya, nao huwafundisha watoto waliozaliwa penye theluji, ambao hawajauona mlima wa Burundi. Hao hawalipwi kwa kupiga. Hupiga Jumapili na siku za arusi, ili watoto wajue walikotoka. Ukiniuliza, nitasema kwamba hao wamefika karibu sana na Gishora, ingawa wako mbali kuliko wote.

Jibu nililowapa vijana

Jumamosi iliyofuata niliwasimulia vijana wa kwaya habari hizi zote. Halafu nikawaambia maneno machache.

Kwanza, msiukate wimbo kwa ajili ya mgeni ambaye hajawaomba kuukata. Wapigaji wa Burundi hawakupunguza ngoma zao ili zibebeke. Walizibeba kama zilivyo, na dunia ikanyamaza kuwasikiliza. Pili, msivae ngozi ambazo baba zenu hawakuvaa kanisani wala arusini. Kijiji cha Brussels kilikuwa na ua, lakini mtu aweza pia kujijengea ua mwenyewe kwa mavazi yake. Tatu, wimbo ambao mama zenu hawaujui, msiupeleke Ulaya. Kwa maana huko mtapigiwa makofi hata mkikosea, nanyi hamtajua kwamba mmekosea. Nyumbani ndipo penye mwamuzi.

Binti mmoja wa sauti ya kwanza akaniuliza: "Na habari ya majina je, Mwalimu?"

Swali lake lilinichoma, kwa sababu lilinihusu. Tunayo daftari ya kwaya, na ndani yake nyimbo zimeandikwa zote, maneno yake na siku za kuimbwa. Lakini hapakuwa na jina hata moja la mtu aliyezitunga au aliyetufundisha. Nyimbo nyingine zilitoka kwa wajane wa Kiliba, nyingine kwa wavuvi, nyingine kwa mzee aliyekwisha kufa. Sisi tuliokasirika kwa ajili ya santuri ya Wafaransa tulikuwa tumefanya vilevile, hapa kwetu, kwa watu tunaokutana nao sokoni.

Basi jioni ile hatukuimba. Tulikaa chini na daftari, tukaanza ukurasa wa kwanza. Kila wimbo tuliuliza: Huu tuliupata kwa nani? Vijana wakatajiana majina, wakabishana, wakatumwa majumbani kuuliza. Mpaka leo hatujamaliza. Kama siku moja barua ya mwaliko itatoka ng'ambo, tutakuwa na kitu cha kubeba. Na kama haitatoka kamwe, wale waliotupa nyimbo watakuwa wametunzwa kwao, kama wazee walivyosema.